Kwa nini ziara za studio za filamu zilitoweka Florida

Umeuliza kwa nini ziara za nyuma ya pazia ziliondolewa katika bustani za burudani za Florida. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni kwamba filamu zenyewe ziliacha kutengenezwa huko. Disney-MGM Studios, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, ilipofunguliwa mwaka 1989, ilikusudiwa kuwa pia studio halisi, ambamo mgeni aliweza kusimama nyuma ya kioo na kuwatazama wachoraji wa katuni wakiwa wameinamia meza zao. Idara hiyo ya katuni ilifungwa mwaka 2004, jina la MGM, ambayo ni kampuni ya filamu, likaondolewa mwaka 2008, na ziara ya kuwazungusha wageni kwa magari ikaendelea hadi Septemba 2014 ikitegemea zaidi maonyesho ya kuigiza, likiwemo lile la korongo bandia ambamo lori la mafuta lilishika moto na kisha maji mengi yakaporomoka kuelekea abiria. Lilisisimua kweli, ingawa hapakuwa na filamu yoyote iliyokuwa ikipigwa pale.

Isitoshe, siku hizi moto na mafuriko ya namna hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa kompyuta, na sidhani kama kuna mgeni atakayelipa kiingilio ili amtazame fundi aliyeketi mbele ya skrini. Ziara ya kampuni ya filamu ya Universal kule Hollywood, iliyoanza mwaka 1964, bado ipo kwa sababu inapita ndani ya studio inayofanya kazi hadi leo.