Fundi Anajibu: Simu inafungua upesi, mashini za biro zinangoja

SWALI
Jambo Papa Fundi. Mimi ni sekreteri wa ushirika wa kahawa hapa Bukavu. Biro yetu ina mashini 8, zote Windows 10 ya Kifaransa, zimeungwa kwa kebo kwenye modemu moja. Tangu mwezi uliopita, ukiandika anwani ya tovuti ukurasa unabaki mweupe, unangoja weee, halafu unafunguka wote mara moja. Ukienda tovuti nyingine, ni kungoja tena. Ninafuta kache kila asubuhi, haisaidii. Seva yetu ya mafaili iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, na hatujanunua nyingine. Simu yangu kwenye wifi ya modemu hiyohiyo haina shida. Shefu anataka tulipie forfe ya intaneti kubwa zaidi. Tufanye nini?
Sekreteri, Ibanda

JIBU
Mama sekreteri, mwambie shefu asitoe hata dola moja kwanza. Forfe ingekuwa ndogo, ungeona picha zikiteremka polepole, na simu yako nayo ingeteseka. Kwenu ukurasa ukishaanza unakuja wote. Kinachochelewa ni mwanzo.

Kila jina la tovuti lazima ligeuzwe namba kabla ukurasa haujaitwa, na kazi hiyo ni ya seva ya DNS. Simu hupewa anwani ya seva hiyo na modemu. Mashini zenu nashuku ziliandikiwa kwa mkono anwani ya seva iliyoungua, ambayo huenda ilifanya na kazi hiyo ya DNS. Basi kila jina jipya linaulizwa kwanza mahali pasipo na wa kujibu. Mashini inangoja, ndipo inajaribu seva ya pili kwenye orodha.

Fungua "Invite de commandes" (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig /all, utafute mstari wa "Serveurs DNS". Ukiona anwani ya seva ya zamani imetangulia, umepata. Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, fungua "Protocole Internet version 4", uchague "Obtenir les adresses des serveurs DNS automatiquement". Anza na mashini moja tu, ifanyie kazi hadi mchana, ndipo uguse nyingine. Muulize pia aliyewafungia seva ile kama ilisimamia akaunti za kuingilia kwenye mashini. Ikiwa ndivyo, siku mtakayonunua nyingine mpangilio wa zamani utahitajika tena, kwa hiyo uandike kwenye daftari kabla ya kuubadilisha.

Nakuandikia haya kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye biro moja ya Nguba, niliondoa na kurudisha kivinjari kwenye mashini 6, siku mbili nzima, na nikalipwa. Kesho yake kurasa zilikuwa nyeupe vilevile. Mpangilio ule unakaa ndani ya Windows, na kivinjari kipya kiliuliza seva ileile iliyokufa. Nilirudi kurekebisha bila malipo, lakini siku mbili za watu wale sikuweza kuwarudishia.

Na kache, tafadhali, iache. Ni picha na mafaili ambayo kivinjari kimeyaweka kwenye diski ili kisiyapakue tena. Ukiifuta kila asubuhi, mashini zinavuta upya vitu vilevile, na forfe ndiyo inayolipa.

Ikibaki mashini moja tu inayokwama, hilo ni jambo lake yenyewe: kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc, uone ni kichupo au kiendelezi (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari) gani kinachokula kumbukumbu.

Na kama mstari wa "Serveurs DNS" unaonyesha anwani ya modemu peke yake, basi nimekosea. Zima "Détecter automatiquement les paramètres" kwenye mipangilio ya proksi (seva ya kati ya kupitia kwenda mtandaoni) ya Windows, mipangilio ambayo Chrome na Edge zote huifuata, kisha uniandikie umeona nini.