Binti yumo kwenye utafiti wa chanjo ya TB: je, ajitoe?

Mama, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama binti yako, aliyekwisha kudungwa sindano katika utafiti wa chanjo ya M72 hapa Kenya, ajitoe, kwa kuwa majirani wanadai amewekewa vijidudu vya TB. Chanjo hiyo imeundwa kwa protini mbili za bakteria wa TB zilizounganishwa, wala haina bakteria hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza. Katika utafiti uliotangulia, uliofanywa Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa watu wazima waliokuwa na bakteria wa TB waliolala mwilini bila kuwaletea ugonjwa, ilipunguza TB ya mapafu kwa takriban nusu katika miaka 3, jambo la kutia moyo sana, maana BCG tunayowapa watoto wachanga huwalinda watu wazima kidogo tu.

Uamuzi ni wake: anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida, na nakala ya fomu ya ridhaa inaeleza hayo. Ninachokusihi ni kwamba asijione amekingika, kwani katika utafiti wa namna hii baadhi ya washiriki hudungwa sindano isiyo na chanjo ili matokeo yalinganishwe, na huenda yake ilikuwa hiyo. Akikohoa wiki 2, akitokwa jasho usiku au akikonda, asingoje siku ya miadi. Aende makohozi yapimwe.