Uliza Mzee wa Ngoma: Nipige vumi kwenye mienge ya Lewes?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimezaliwa Moshi, sasa naishi Brighton, Uingereza, na napiga vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, katika kikundi chetu cha ngoma. Tumealikwa kusindikiza maandamano ya mienge mjini Lewes tarehe 5 Novemba. Mimi ni Mkatoliki, na mwenzangu kazini ananiambia huko wanachoma sanamu ya Papa. Ni kweli? Na nikienda, nijiandae vipi?
Dada wa Vumi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzio hakukudanganya.

Wanaokumbukwa Lewes ni Waprotestanti 17 waliochomwa moto mjini hapo kati ya 1555 na 1557, enzi za Malkia Mary aliyeirudisha Uingereza chini ya Roma. Wa kwanza, Deryk Carver, alikuwa mtengeneza bia wa hapo hapo Brighton kwenu. Juni 1557 walichomwa 10 siku moja. Ndiyo maana utaona misalaba 17 inayowaka ikipitishwa barabarani. Kisha mwaka 1605 Guy Fawkes na wenzake, Wakatoliki, wakakamatwa katika njama ya kulipua Bunge kwa baruti, na tarehe ikabaki hiyo ya kukamatwa kwake. Papa anayechomwa ni Paulo wa Tano, aliyekuwa madarakani mwaka huo, si wa leo.

Wenyewe hukwambia ni historia tu, hakuna chuki. Mimi nasema ni rahisi kuiita historia tu kama kinachochomwa si chako. Kwa hiyo usijilazimishe, ila uliza kwanza mmealikwa na nani, maana Lewes ina vyama kadhaa vya kuandaa maandamano na mioto hiyo: Cliffe, Borough, Commercial Square, South Street, Waterloo, Southover. Kila chama kina njia yake na rangi zake za fulana za mistari. Cliffe ndio maarufu kwa bango la kuupinga upapa, linalotundikwa juu ya barabara yao. Ukiona moyo bado mzito, msimu wa mioto Sussex huanza Septemba ukaishia Novemba, na miji mingine ina usiku wake: Hastings, Battle, Rye. Huko nako ngoma zinatakiwa.

Jambo jingine, kwa kuwa wewe ni Mwafrika. Waandamanaji huvaa mavazi ya kuigiza, na baadhi ya watu wa Borough kwa miaka mingi wamevaa kama Wazulu, hadi nyuso wakizipaka nyeusi. Mwaka 2017 wasanii wa Kizulu walilalamika, na watu hao wa Borough wakaacha kujipaka. Nakwambia mapema usije ukashtukia katikati ya mdundo.

Sasa vumi lako. Mwenge wa kule ni fimbo iliyofungwa gunia kwa waya na kuloweshwa mafuta ya taa. Unadondosha matone ya moto, na upepo ukivuma cheche zinakujia wewe. Vaa pamba au sufu kuanzia kofia hadi soksi. Nailoni na poliesta ziache nyumbani, maana zinayeyuka na kugandia mwilini. Nywele zifunge ndani ya kitambaa cha pamba. Vizibo vya masikio ni lazima. Kuna fataki za kurushwa chini zinazolia kama bunduki, na mitaa ile ni myembamba, kila mlio unakurudia.

Ngozi itakusumbua. Unyevu wa Novemba unailegeza, vumi linakoroma. Ukipita karibu na mapipa ya lami yanayowaka inakaza ghafla, sauti inapanda. Nyumbani tungesimama tukaipasha moto, lakini pale msafara haukungoji. Iwambe kavu, uifunike turubai mpaka mnapoanza, halafu kubali sauti utakayopata. Mdundo uwe mwepesi, wa kutembelea. Wenye chapuo, zile ngoma ndogo, ndio waremberembe, wewe shika mwendo tu. Msifuate masikio, kwa sababu bendi ya nyuma yenu itawavuruga. Mtazameni kiongozi mkono.

Mkifika kwenye mnara wa mashujaa wa vita, juu ya School Hill, msafara husimama na mashada huwekwa. Hapo laza kiganja juu ya ngozi, usiache hata kidole kigonge.

Fikeni mchana. Barabara hufungwa, na miaka ya karibuni treni hazisimami Lewes jioni hiyo. Na tarehe 5 ikiwa Jumapili, shughuli hufanywa Jumamosi.

SWALI: Mzee, mwanangu ana miaka sita na anapenda ngoma. Nimpeleke Lewes nikamwonyeshe?
Baba Salma, London

JIBU: Tarehe 5 hapana. Umati ni mkubwa, na moshi na fataki viko usawa wa uso wake. Lewes kuna chama cha watoto, Nevill Juvenile, ambao huandamana mapema, siku yao wenyewe. Mpeleke huko, na vizibo vya masikio usisahau.