Kwa nini walimwondoa Thomas Scherr

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi, huku wote wazima. Umeniuliza inakuwaje mwalimu aliyeijenga shule ya msingi ya jimbo la Zürich, Uswisi, afukuzwe na wazazi wa watoto walewale aliowajengea, ukasema kila unachosoma kinataja ugomvi wa dini. Dini ilikuwamo, lakini ndiyo iliyofika mwisho. Kuni zilikuwa zimeshapangwa.

Ignaz Thomas Scherr hakuzaliwa Uswisi. Alizaliwa 1801 Hohenrechberg, upande wa Württemberg, Ujerumani, akafundisha viziwi na vipofu mjini Gmünd. Mwaka 1825 Zürich wakamwita aongoze shule yao ya vipofu, na baada ya muda mfupi akaingiza na viziwi. Usiliruke jambo hili, maana mbinu yake ilitokea huko. Anayemfundisha kiziwi kutamka lazima ajue kila sauti inatengenezwa wapi: M midomo imefungwa na pumzi inapita puani, T ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno. Akishazoea kuipasua lugha namna hiyo, hawezi tena kuvumilia usomaji wa kizamani.

Kizamani mtoto alitaja majina ya herufi. Tuchukue neno letu: anaimba "em, a, em, a", kisha anaambiwa aseme "mama". Hakuna sikio litakaloipata "mama" humo, kwa hiyo anakariri. Scherr alianza na sauti: mtoto anasikia neno, analigawa, anatamka kila sauti peke yake, ndipo anaonyeshwa alama yake, anaiandika kwenye kibao na kuisoma hapohapo. Kuandika na kusoma vinakwenda pamoja. Panapoharibika ni pale mwalimu anaposema "me" au "mu" badala ya kuivuta "mmm". Ile irabu ya ziada ndiyo inayomkwamisha mtoto anapounganisha. Mwalimu asiyefunzwa atakosea hapo kila siku na kumlaumu mtoto, kwa hiyo bila chuo cha ualimu mbinu ile haikuwa na maana.

Nafasi ilikuja kwa siasa. Tarehe 22 Novemba 1830 maelfu ya watu wa mashambani walikusanyika Uster kudai katiba na haki sawa na watu wa mjini. Waliberali, yaani wanasiasa wa mageuzi, wakashika serikali mwaka uliofuata, Scherr akaingia Baraza la Elimu. Mwaka 1832 vilikuja viwili kwa mpigo: chuo cha ualimu cha Küsnacht, pembeni mwa ziwa, yeye akiwa mkuu wake, na sheria ya shule ya msingi. Kila mtoto wa miaka 6 hadi 12 shuleni kila siku: miaka mitatu ya mwanzo, mitatu ya juu, kisha saa chache kwa wiki za kurudia masomo ili yasisahaulike. Waliokuwa wakifundisha tayari, wengi wao wakulima, wafumaji na mafundi waliogeuza sebule zao kuwa darasa, wakaitwa kwenye mitihani na mafunzo ya nyongeza. Wengine walipita, wengine wakapoteza kazi. Yeye pia aliandika vitabu vya kusomea, na mwaka 1834 walimu wa jimbo zima wakaanza kukutana katika sinodi yao wenyewe, yaani baraza lao la walimu. Kwangu mimi hiyo sinodi ndiyo iliyokuwa ya ujasiri kuliko yote, mwalimu wa kijiji kupewa sauti katika mambo ya elimu.

Sasa simama mlangoni kwa mfumaji wa milimani mashariki ya jimbo, uyaone haya kwa macho yake. Mtoto wa miaka tisa alikuwa akizungusha uzi kwenye vijiti vya kufumia siku nzima, baba akifuma. Sheria imemchukua saa za mchana, na mkono huo hauna mbadala. Juu yake ada ya shule, maana shule ilikuwa ya lazima lakini haikuwa bure. Kijiji nacho kinadaiwa jengo jipya. Wakati huohuo mashine za kufumia zinakuja. Wafumaji wa nyumbani walichoma kiwanda hukohuko Uster tarehe 22 Novemba 1832, miaka miwili kamili baada ya mkutano ule. Halafu mtoto anarudi jioni na kitabu kipya cha habari za viumbe na nchi, wakati babu yake alijifunza kusoma kwa katekisimu na zaburi. Mchungaji naye anaona shule inamtoka mkononi. Kila badiliko peke yake lingestahimilika. Yaliingia nyumba moja ndani ya miaka michache, na yote yalikuwa na jina la mtu mmoja, tena mgeni.

Mapema 1839 serikali ikamteua David Friedrich Strauss kuwa profesa wa thiolojia chuo kikuu cha Zürich, mtu aliyeandika kwamba miujiza ya Injili ni visasili. Parokia zilipopiga kura, zaidi ya 39,000 walimkataa na kama 1,000 tu walimkubali. Serikali ikarudi nyuma, ikamstaafisha Strauss kabla hajafundisha hata kipindi kimoja, lakini hasira haikustaafu. Tarehe 6 Septemba wanavijiji wakiongozwa na mchungaji Bernhard Hirzel wa Pfäffikon waliingia mjini wakiimba nyimbo za kanisa. Risasi zikapigwa, watu wapatao 15 wakafa, serikali ikaanguka. Scherr hakumleta Strauss, ila chuo chake ndicho kilichoonekana kiota cha ukafiri, akaondolewa.

Baadaye alihamia jimbo jirani la Thurgau, akaishi Emmishofen, akaendelea kuandika vitabu vya shule, na miaka ya 1850 akaongoza Baraza la Elimu la jimbo hilo. Zürich kwenyewe waliberali walirudi madarakani 1845. Walimu aliowafunza walikuwa bado madarasani muda wote huo. Ada, lile dai la mfumaji, ilifutwa na katiba ya jimbo ya 1869. Scherr alifariki Machi 1870.

Kwa hiyo katika mada yako usianze na Strauss. Anza na sheria ya 1832, weka gharama zake kwa kaya moja, ndipo umlete Strauss ukurasa wa mwisho. Ukikwama kwenye sinodi, niandikie.

Baba yako