Re: Ada bure kwa wanaosoma jioni

Ndugu, umeuliza kama Ireland itafilisika ikiwalipia ada wanaosoma jioni. Hapana, ila hesabu yake ni nzito. Tangu 1996 serikali huwalipia wengi wa wanafunzi wa muda wote, yaani wa mchana, ada ya shahada ya kwanza; wa jioni waliachwa nje. Leo wengi wao hujilipia au hulipiwa na waajiri, kwa hiyo mzigo huo utahamia hazina hata asipoongezeka mwanafunzi mmoja. Lakini hawa wako kazini, wanakatwa kodi. Nilisoma jioni Dublin huku nikifanya usafi. Nilikuwa naingia darasani na sare ya kazi mwilini, mikono inanuka dawa ya sakafu, na kodi yangu inamsomesha kijana wa mchana. Inauma. Waanze na wenye kipato kidogo.