Kwako Unayeanza Sosholojia: Usianze na Tabia ya Mtu

Karibu, wewe unayeingia mwaka wa kwanza Maseno, Masinde Muliro, Egerton au chuo chochote cha huku kwetu. Karibu pia wewe uliyepata kazi ya kukusanya data kwenye shirika fulani la Kisumu bila kuwahi kuisoma sosholojia. Nimefanya utafiti wa jamii kando ya Ziwa Victoria kwa miaka mingi na kuwasimamia vijana wengi wanaoanza, na kila kundi jipya hunifanya nilirudie jambo lilelile. Ukitaka kueleza linalotokea kwa watu, usianze na tabia zao. Anza na namna maisha yao yalivyopangwa: nani anamiliki nini, nani anamtegemea nani, nani ana sauti mbele ya nani. Baada ya hapo ndipo umrudie mtu mwenyewe. Ukilishika hili mapema, mihadhara ya maadili, matatizo ya jamii, mabadiliko na dini itaungana kuwa somo moja. Usipolishika, utabaki na daftari la fasili ambazo utazisahau wiki moja baada ya mtihani.

Mwaka 1959 mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills aliliweka wazo hili kwa mfano ambao bado naupenda. Katika mji wa watu 100,000, mmoja tu akikosa kazi, hiyo ni shida yake, na una haki ya kutazama ujuzi wake na bidii yake. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, kumshauri kila mmoja ajitume ni kulikwepa swali. Hapo lazima uutazame uchumi wenyewe na jinsi nafasi za kazi zinavyopatikana. Vijana wa mtaa wa Kondele, Kisumu, wanaosubiri kibarua tangu asubuhi hawahitaji mtafiti wa kuwaambia kwamba wavivu hawali.

Twende ziwani, maana hapo ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Ukifika bichi yoyote ya Ghuba ya Winam alfajiri utawakuta kina mama na karai zao wakingoja mashua. Kwa desturi wanaume huvua. Wanawake hununua, hukaanga au huanika, kisha huuza. Mashua, nyavu na injini ni za wanaume. Samaki walipokuwa tele, mwenye pesa alipata mzigo wake akaenda zake. Samaki wakapungua, wachuuzi wakaongezeka, na kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikaja kuchukua mbuta (sangara) kwa ajili ya soko la nje. Pesa peke yake ikawa haimhakikishii mama mzigo wa asubuhi. Katika hali hiyo ndipo jaboya ilipokomaa: mvuvi humpa mchuuzi nafasi ya kwanza ya kununua, naye hutakiwa alale naye.

Mgeni akisikia haya huandika kwamba maadili yameporomoka, au kwamba kuna tamaa nyingi. Hajaeleza kitu. Tamaa ipo kila mahali, na si kila mahali pana jaboya. Kinachotofautiana ni umiliki wa chombo, uhaba wa bidhaa inayooza kabla ya jioni, na mama mwenye karo ya kulipa asiyeweza kurudi nyumbani na karai tupu.

Ushahidi ulionekana kwenye bichi ya Nduru, nje kidogo ya Kisumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kina mama wa pale walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wavuvi. Mwenye mashua hakuwa tena na sababu ya kumwomba mtu nafasi ya kununua samaki. Kisha ziwa likafurika mwaka 2020, watu wakahama, na sehemu kubwa ya yale waliyoyajenga ikaenda na maji. Wanawake ni walewale, makanisa wanayosali ni yaleyale, na walichokiamini kuhusu ndoa na heshima hakikubadilika. Kilichobadilika, mara ya kwanza kwa faida yao na mara ya pili kwa hasara, ni umiliki. Nakuomba usome kisa hiki polepole, maana ndani yake umo nusu ya muhula wa kwanza.

Umo pia mjadala wa matatizo ya jamii. Mwaka 1971 mwanasosholojia Mmarekani Herbert Blumer alisema kwamba jambo halifanyiki kuwa tatizo la jamii kwa sababu tu lina madhara. Linahitaji watu walitaje, walipeleke mbele ya wenye nguvu, washindanie namna ya kulieleza, na mwishowe liingie kwenye mipango rasmi. Jaboya ilizungumzwa kwa kunong'ona hadi ukimwi ulipowafanya wahudumu wa afya na mashirika waanze kuulizia maisha ya bichi. Tangu wakati huo ikaelezwa zaidi kama suala la ugonjwa kuliko suala la nani ana mashua, na maelezo hayo ndiyo yaliyoamua pesa iende wapi: kondomu kwanza, mashua baadaye sana. Kwa hiyo ukitumwa kuchunguza tatizo lolote, uliza nani alikuwa wa kwanza kuliita tatizo, alimwambia nani, na nani aliachwa nje ya mazungumzo. Mafuriko ya Nyando na Budalang'i huwahamisha watu mara kwa mara, na kila mara huitwa dharura. Jambo linalojirudia namna hiyo halifai kuitwa dharura, na jina lenyewe linastahili kuchunguzwa.

Sasa maadili, yaani yale ambayo jamii inayaona kuwa mema na ya kufuatwa. Usiende kijijini na fomu inayouliza, "Je, jamii yenu inathamini nini?" Utapewa mahubiri. Kila mtu atasema heshima, umoja na bidii, nawe utaandika ripoti ambayo ingeweza kuandikwa kuhusu jamii yoyote duniani. Maadili huonekana pale watu wanapolipa gharama kwa ajili yake, na zaidi pale mawili yanapogongana.

Kesi ya S. M. Otieno bado ndiyo mfano bora niujuao. Wakili huyo alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari hadi Mei 1987, Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi. Karibu kila mwanafunzi anayeanza hukieleza kisa hiki kuwa ni mila dhidi ya usasa. Mimi sikubali. Ukoo ulikwenda mahakamani na wakili, ukatoa mashahidi na kukata hoja kwa utaratibu wa sheria, sawa na mjane. Wote walikuwa watu wa wakati huohuo, wakitumia vyombo vilevile vya dola. Waliloligombania ni nani mwenye mamlaka juu ya mtu akishakufa: mke aliyeishi naye mjini, au nasaba inayomhesabu kuwa wake popote alipojenga. Ukiliona hivyo, utaelewa kwa nini hadi leo familia ya Nairobi hukopa ili kuleta jeneza Siaya, Busia au Vihiga, hata kama marehemu hakuwa na zaidi ya kibanda huko. Matanga ndipo ardhi, jina na uanachama wa ukoo vinapothibitishwa mbele ya mashahidi. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kazi yake ya mwaka 1912 kuhusu dini, alionyesha kwamba jamii hujitambua inapokusanyika. Mimi huwapeleka vijana matangani kabla hawajamsoma, ila bila fomu na bila kalamu mkononi. Kaa, saidia kubeba viti, andika usiku ukishafika nyumbani.

Kwenye mabadiliko ya jamii, epuka sentensi inayoanza na "siku hizi watu wamebadilika." Sema ni nini kimebadilika, kwa akina nani, na nini kimebaki. Tohara itakusaidia. Kwa desturi Waluo hawakutahiri. Alama yao ya zamani ilikuwa kung'oa meno sita ya chini ya mbele, na desturi hiyo ilififia bila kampeni yoyote ya kitaifa. Kisha kukafanyika jaribio la kitabibu Kisumu, sambamba na mengine Uganda na Afrika Kusini. Desemba 2006 jaribio la Kisumu lilisitishwa mapema kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara ilipunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2008 serikali ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari, Nyanza ikiwa kitovu chake. Wazee walisita kwanza wakisema si jambo la Waluo. Wanasiasa wenye ushawishi wakaunga mkono, huduma ikawa ya bure, na ikaelezwa kama kinga ya afya ambayo haimgeuzi mtu kuwa wa kabila jingine. Naamini hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango. Watu walikubali kisu kwa sababu hawakuambiwa waache kuwa wao.

Vuka uende Bungoma. Wabukusu hutahiri kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti, na tendo lile humtia kijana katika rika na kumfanya mwanamume mbele ya ukoo. Familia nyingi sasa humpeleka mtoto hospitalini na bado humwimbia na kumfanyia sherehe. Chombo kimebadilika, maana imebaki. Kisumu chombo ni kilekile cha daktari, ila maana yake ni kinga. Halafu wapo waumini wa Nomiya, kanisa la Johana Owalo lililoanza Nyanza mapema karne ya 20, ambao walitahiri kwa sababu ya imani muda mrefu kabla ya utafiti wowote wa ukimwi. Upasuaji mmoja, mipangilio mitatu. Mtihani ukikuuliza tofauti ya tendo na maana ya tendo, una jibu kutoka eneo lako mwenyewe, na hakuna mtahini atakayekunyima alama.

Hapo tumeshaingia kwenye dini, na hapa naomba uangalifu zaidi kuliko popote. Wengi wenu mmelelewa kanisani au msikitini. Wengine huogopa kwamba sosholojia itawaondolea imani; wengine hufurahi kupata silaha ya kuwacheka waumini. Wote wawili hawajaielewa kazi. Sosholojia haina chombo cha kupima kama nabii aliona maono ya kweli. Inachoweza kuuliza ni kwa nini maono yale yalipata wafuasi mahali pale, wakati ule, na yalifanya nini katika maisha yao. Mwanasosholojia Mmarekani W. I. Thomas aliliandika vizuri mwaka 1928: watu wakilihesabu jambo kuwa la kweli, matokeo yake huwa ya kweli.

Jumapili ukipita mitaa ya Manyatta au Nyalenda, Kisumu, utawaona waumini wa makanisa ya Roho na kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu, ngoma na bendera, wakitembea barabarani kwa wimbo. Usiandike "ushirikina," wala "utamaduni wa Kiafrika" kisha ukasonga mbele. Tafuta habari za Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa makanisa hayo, aliyeuawa Musanda mwaka 1934. Utakuta mgogoro mkali wa ardhi kati ya Waluo na Wawanga, kanisa la wamisheni lililobana nafasi ya Waafrika kuongoza, na watu waliohitaji mamlaka ambayo hayangepitia kwa chifu wala kwa mzungu. Roho Mtakatifu aliwapa mamlaka hayo moja kwa moja. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde katika miaka ya 1940 isome vivyo hivyo, ukiwa na ramani ya mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia mezani.

Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber atakufaa kwenye swali linalofuata: mwenye karama, yaani mvuto unaowafanya watu wamfuate, akiondoka, nini hubaki? Kanisa la Legio Maria lilijitenga na Kanisa Katoliki miaka ya mwanzo ya 1960, likiwa na viongozi Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Lina papa, makadinali na maaskofu wake, na tangu Ondeto afariki mwaka 1991 limepitia mivutano ya uongozi. Karama imegeuka ofisi, na ofisi hugombaniwa. Usiiseme hiyo kama dosari ya kundi hilo. Weber angekuonyesha kwamba ndiyo njia ya kila kundi linaloanzishwa na mtu mmoja mwenye mvuto.

Na usikimbilie kusema kila tofauti ni "kuiafrikisha" dini. Maquaker, dhehebu la Kikristo liitwalo pia Marafiki, walifika Kaimosi mwaka 1902. Wageni huwasikia wakiimba na kuhubiri kwa sauti, huku wakiwa wamesoma kwamba Maquaker wa Uingereza huabudu kimyakimya, nao huamua kwamba Wamaragoli waliongeza kelele. Wamisheni wale walitoka Marekani, kwenye tawi la kiinjili ambalo tayari lilikuwa na mahubiri na nyimbo. Chunguza kilicholetwa kabla ya kusema kimegeuzwa.

Kama uko upande wa Nakuru na unatafuta mada ya mradi, nenda Mwariki na Barut, ambako maji ya Ziwa Nakuru yamepanda katika miaka ya karibuni na kuzifukuza familia. Uliza nani aliwahesabu waliohama na nani hakuhesabiwa. Sikiliza nani anasema ni adhabu ya Mungu, nani anasema ni serikali, na kila mmoja anapata nini kwa kusema hivyo. Uliza mahari, matanga na chama cha akiba vinaendeshwaje shamba likiwa chini ya maji. Lakini pitia kwanza ofisi ya chifu, na uwe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, maana mzee wa mtaa atakuuliza barua kabla hajakuuliza jina.