Kwa mliokabidhiwa mbwa wa kutembeza Shangani

Wadogo zangu mlioanza kazi kwenye nyumba za Shangani na kupewa mbwa wa kumtembeza asubuhi na jioni, shikeni hili kwanza: wewe mbwa wako unamjua, lakini mtu anayekuja mbele yenu, yeye hamjui.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naviringisha kamba kwenye vidole ili isinitoke. Mbuzi akakatiza, mbwa akachomoka, kidole kikabanwa hadi ukucha ukawa mweusi. Siku hizi napitisha kitanzi juu ya gumba, kamba inayobaki naikunja ndani ya ngumi, mkunjo juu ya mkunjo, kama mvuvi. Mita moja na nusu inatosha. Mnyororo siupendi, ukivutwa ghafla unachuna kiganja. Kabla ya kutoka getini, ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa shingoni. Vikipwaya, kichwa kitachomoka. Visipoingia, koo linabanwa.

Akivuta, usimvute. Ukimvuta naye anakaza zaidi. Simama kimya mpaka kamba ilegee, ndipo upige hatua. Siku za mwanzo mtamaliza nusu saa hamjafika kona. Vumilieni, hapo ndipo anapojifunza.

Sasa suala la watu. Waislamu ni wengi hapa, na kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa yakigusa nguo, inaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jioni moja nilizubaa, mbwa akamfikia mzee aliyekuwa anakwenda swala ya magharibi, ulimi ukagusa pindo la kanzu. Hakunigombeza. Aliinua lile pindo kwa vidole viwili, akaniangalia, kisha akageuka kurudi kwake, na adhana ndiyo kwanza inaanza. Niliumia kuliko angenitukana. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi, akanipokea.

Tangu hapo nikiona mtu mbele navuka upande wa pili mapema, nafupisha kamba, mbwa namweka upande wa mbali, na shikamoo naitoa nikiwa huko huko. Msiwaambie watu "huyu hang'ati". Mwenye hofu hahitaji maelezo, anataka nafasi ya kupita. Ufukweni vilevile: maji yakipwa kina mama wanaokota chaza, kwingine dagaa wameanikwa. Hapo kamba iwe fupi kabisa.

Ulizeni pia chanjo ya kichaa cha mbwa ilichomwa lini. Ikitokea mbwa ameng'ata mtu, msikimbie wala msifiche. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kadi ya chanjo ya mbwa wangu natembea nayo mfukoni, nimeifunga kwenye nailoni isilowe jasho.